Hazina za Jangwa la Turkana

Mtu apandaye kilima cha Museum Hill mjini Nairobi hufika katika Makumbusho ya Taifa. Humo imehifadhiwa mifupa ya mtoto wa kiume, mmoja wa watu wa kale sana, aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mifupa hiyo ilitoka mbali, katika nchi kame ya Turkana, kaskazini mwa Kenya.

Watu wengi hudhani kuwa jangwa ni mahali pasipo na kitu. Sivyo. Mwaka 1984 Bwana Kamoya Kimeu, Mkenya, aliona kipande kidogo cha fuvu karibu na mto mkavu wa Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Yeye na wenzake walipochimba na kuchekecha udongo, walipata mifupa mingi ya mwili.

Umri wake ulijulikanaje? Hapo kale milima ya moto ilitupa majivu, yakatanda tabaka juu ya tabaka, mfano wa kurasa za kitabu. Wataalamu hupima umri wa majivu, kisha hutambua umri wa mfupa uliolala kati ya tabaka hizo. Mfupa uking'olewa bila kuandikwa mahali ulipokuwa, ni kama ukurasa uliochanwa: upo, lakini habari zake zimepotea.

Ng'ambo ya mashariki ya ziwa iko Hifadhi ya Sibiloi, iliyowekwa mwaka 1973. Humo mifupa ya kale hulindwa pamoja na wanyama walio hai, kama choroa na punda milia. Mwaka 1997 Sibiloi na Kisiwa cha Kati, wanapozalia mamba, viliandikwa katika Urithi wa Dunia. Kisiwa cha Kusini kikaongezwa mwaka 2001. Lakini mwaka 2018 urithi huo ulitiwa katika orodha ya ulio hatarini, hasa kwa sababu ya bwawa la Gibe III nchini Ethiopia. Bwawa hilo limebadili mwendo wa Mto Omo, uletao sehemu kubwa kabisa ya maji ya ziwa.

Mambo ya bwawa ni ya serikali kuamua. Lakini liko jambo lililo katika uwezo wa kila mchungaji na kila msafiri. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 humtaka avumbuaye kitu cha kale awaarifu Makumbusho ya Taifa, akieleza mahali hasa alipokiona. Basi aonaye mfupa uliogeuka jiwe asiuchimbue wala asiuuze. Apatie alama mahali pale, kisha apeleke habari upesi.