Kupima Mimba ya Ng'ombe kwa Maziwa Yake

Mtu akiisha kumpandisha ng'ombe wake hubaki na swali moja tu: Je! ameshika mimba? Akikosea jibu lake, hasara ni kubwa. Ng'ombe mtupu asiyejulikana hula majani ya miezi mingi bure. Na mwenye mimba akidhaniwa kuwa tasa, huuzwa kwa mchinjaji, naye mchinjaji humkuta ndama tumboni. Si hadithi hiyo. Wengi wetu tumeiona kwa macho.

Wazee hungoja waone kama joto litarudi. Mganga wa mifugo huingiza mkono katika njia ya mavi, apapase tumbo la uzazi. Lakini kazi hiyo yataka mkono uliofundishwa, wala haifai kabla ya siku 35 hivi. Basi, na tujifunze njia isiyomsumbua mnyama.

Katika kokwa la uzazi, pale yai lilipotoka, hufanyika kinundu cha rangi ya manjano. Kinundu hicho hutoa homoni iitwayo projesteroni, ambayo hulituliza tumbo la uzazi ili mimba ikae. Mimba isipokuwapo, kinundu hunyauka yapata siku ya 17, projesteroni hupungua, na joto hurudi yapata siku ya 21. Mimba ikiwapo, kinundu hudumu. Tena homoni hiyo hupita toka damuni hata maziwani. Huko Uingereza, mwaka 1971, Laing na Heap walieleza kipimo chake katika maziwa, na tangu hapo njia hii imeenea.

Maziwa hutwaliwa kati ya siku ya 21 na ya 24 baada ya kupandwa. Angalieni jambo moja: projesteroni hufuatana na mafuta, na maziwa ya mwisho wa kukamua yana mafuta mengi kuliko ya kwanza. Kwa hiyo msichanganye, leo ya kwanza, kesho ya mwisho.

Hapa sasa ndipo wengi wanapoteleza. Projesteroni ikiwa chache, ng'ombe hana mimba. Jibu hilo ni karibu na hakika. Lakini ikiwa nyingi, maziwa hayasemi, "Ana mimba." Yasema tu, "Kinundu kipo." Katika ng'ombe 10 wa namna hiyo, kama 8 ndio wenye mimba kweli. Wengine mzunguko wao ni mrefu. Wengine mimba hufa baadaye. Na wengine walipandishwa siku isiyo ya joto. Kosa hili la mwisho laweza kujulikana mapema: pimeni maziwa ya siku ile ile ya kupandisha. Projesteroni ikiwa nyingi siku hiyo, joto halikuwapo, na kazi yote ilikuwa bure.

Baada ya siku 120 hivi kuna homoni nyingine maziwani, estroni salfeti, itokayo upande wa kondo na ndama mwenyewe. Hiyo ndiyo ishara ya mimba iliyo hai.

Mtamba asiyekamuliwa bado hana msaada katika njia hii, maana maziwa hana.

Tena wako watu wanunuao katika duka la dawa kile kijiti cha kupimia mimba ya wanawake, wakakichovya katika mkojo wa ng'ombe. Wanapoteza fedha. Kijiti hicho hutafuta homoni itokayo katika kondo la mwanamke, nayo ng'ombe hanayo kabisa. Hata aliyebakiza juma moja kuzaa, kijiti kitasema kwamba ni mtupu.