Kibali cha Kazi: Hakikisha Ada Yako Imefika Serikalini

Umepata kazi Kenya na wewe si Mkenya? Hongera! Sasa kuna broka anakuambia, "Nitumie pesa kwa namba yangu, kibali kitatoka Ijumaa." Hebu subiri kidogo kabla hujaweka PIN.

1. Jua daraja lako
Daraja D ni la mtu aliyeajiriwa. Daraja G ni la anayefungua biashara yake, na lazima aonyeshe mtaji usiopungua dola 100,000 za Marekani. Daraja M ni la mkimbizi, nalo halilipiwi. Ukiwa mkimbizi na mtu anakudai ada ya kibali, ujue ni tapeli.

2. Kusanya karatasi
Kwa Daraja D, mwajiri anaandika barua ya kukuombea kibali. Ongeza Fomu 25 iliyotiwa sahihi, nakala ya pasipoti, picha na vyeti vyako. Ombi linaingizwa mtandaoni kwa Idara ya Uhamiaji.

3. Malipo ni mara mbili
Kwanza unalipa ada ya kushughulikia ombi. Hii hairudishwi hata ukikataliwa. Ada ya kibali chenyewe, ambayo ndiyo kubwa, inalipwa ombi likishakubaliwa. Kwa hivyo anayetaka zote leo, kabla hujajibiwa, ana lake jambo.

4. Lipa mwenyewe
Ankara yako iko eCitizen. Kwenye simu, chagua Paybill, weka 222222, kisha namba ya akaunti na kiasi vilivyo kwenye ankara. Simu ikikuonyesha jina la mtu binafsi, acha hapo hapo. Ukimaliza, usifute SMS. Hiyo ndiyo risiti yako.

Mbona tunasisitiza?
Kwa Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kufanya kazi bila kibali ni kosa. Faini inafika shilingi 500,000, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Kibali feki ni sawa na kukosa kibali. Siku ya msako, broka atakuwa amezima simu, na atakayesimama kortini ni wewe.

Una rafiki au jirani anayetafuta kibali? Mtumie makala hii kabla hajatuma pesa.