Karani wa Barua za Ubongo

Vijana, fikirini karani wa posta anayezuia barua mpaka saa yake ifike. Jeni zimo katika kiini cha chembe. Nakala zake, RNA, hutoka nje kuamuru protini zitengenezwe. Katika ubongo protini iitwayo FMRP hushika baadhi ya nakala hizo zisisomwe mapema. Jeni yake, iliyogunduliwa mwaka 1991, imo katika kromosomu X. Humo herufi CGG hurudiwa, kwa watu wengi mara 30 hivi; zikipita 200 jeni hufungwa, karani hayupo, na protini nyingine hutengenezwa kupita kiasi. Mtoto huchelewa kusema na kujifunza, hasa mvulana, maana X yake ni moja tu. Nilipokuwa mwalimu kijana nilimchapa mtoto mmoja kwa kuchelewa kujibu. Sikuwa nimesikia habari hizi.