Uvimbe wa shingo na chumvi ya jikoni

SWALI: Dada yangu ana uvimbe mbele ya shingo. Akimeza mate, unapanda na kushuka. Ni nini? – Msomaji, Matai, Kalambo

JIBU: Pole sana. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi ni wa tezi ya thairoidi, kwa sababu imeshikamana na koo. Ina mabawa mawili kama kipepeo, nayo imekumbatia bomba la hewa chini ya kongomeo. Vifuko vyake vidogo hunasa madini joto kutoka kwenye damu na kutengeneza homoni zinazoongoza mapigo ya moyo, joto la mwili na ukuaji wa ubongo wa mtoto.

Madini joto yakipungua, tezi ya pituitari huisukuma thairoidi ifanye kazi zaidi, nayo hutanuka: ndiyo goita. Kwenye nyanda za juu kama Ufipa, mvua za miaka mingi huyasomba madini hayo udongoni, hivyo mazao huyakosa.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Nunueni chumvi yenye madini joto, ifunikeni vizuri, na muitie chakula kikikaribia kuiva.

Hata hivyo, uvimbe una sababu nyingine pia. Mpeleke hospitali apimwe, na msichelewe kabisa akikwama kumeza, kupumua au sauti ikibadilika.