Mtu Mkimya na Kazi Kubwa



Wako watu ambao Mwenyezi Mungu amewaumba na tabia ya ukimya. Wakikaa sana katika kundi huchoka, na wakiwa peke yao nguvu zao hurejea. Hawana kiburi wala chuki kwa watu, ila neno kwao huja baada ya fikira nyingi. Mara nyingi watu hao hujisemea moyoni: "Kazi kubwa si zetu, ni za wenye ndimi nyepesi." Na yule aliyeipokea imani karibuni huongeza: "Mimi nisiyeweza kusimama mbele ya watu kumi, nitaitumikiaje dini?" Katika somo hili tutaonyesha ya kwamba fikira hiyo ni kosa, tena ni kosa lenye hasara.

Tazama kwanza habari za Nabii Musa a.s., zinazojulikana kwa Waislamu, Wakristo na Wayahudi. Aliamrishwa kwenda kwa Firauni, mfalme mwenye jeuri na majeshi, naye alikuwa na uzito wa kusema. Sura Taa Haa ya Kurani Tukufu yaeleza jinsi alivyomwomba Mola wake amkunjulie kifua, amrahisishie kazi, amfungulie fundo la ulimi, na ampe msaidizi katika jamaa zake, yaani nduguye Haruni a.s. Katika Sura Al-Qasas anakiri mwenyewe ya kwamba Haruni ni fasaha kuliko yeye. Biblia nayo yaeleza habari ya ulimi wake mzito katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 4.

Zingatia hapa mambo mawili. Uzito wa ulimi haukumwondolea Musa kazi aliyopewa. Na alipopewa Haruni, kazi haikuhamishwa; msaidizi aliongezwa, lakini mwenye jukumu alibaki Musa. Basi udhaifu wa ulimi ni sababu ya kutafuta msaada, si sababu ya kurudi nyuma.

Sasa tazama mfano wa pili, katika elimu ya maumbile. Huko Uingereza alikuwako mtaalamu aliyeitwa Henry Cavendish, aliyezaliwa mwaka 1731 na kufariki mwaka 1810. Husimuliwa kwamba aliona haya hata kusema na watumishi wa nyumbani mwake, akawa akiwaachia vikaratasi vya kuagiza chakula. Lakini mtu huyo alijiwekea kusudio ambalo wasemaji wengi wasingelithubutu: kuipima dunia nzima ina uzito gani!

Alitundika ufito wenye mipira midogo miwili ya risasi katika ncha zake, akaikaribishia mipira mikubwa miwili, kila mmoja wa kilo 158 hivi, ili aone jinsi mikubwa inavyoivuta midogo. Mvuto huo ni mdogo mno, hata joto la mwili wa mtu lingeweza kutikisa hewa na kuharibu kipimo. Kwa hiyo aliweka chombo katika chumba kilichofungwa, akatazama kwa darubini kutoka nje. Mwaka 1798, akikaribia umri wa miaka 67, alitangaza kwamba dunia ni nzito mara 5.48 kuliko maji ya ukubwa ule ule. Vipimo vya leo vyasema 5.51. Kazi hiyo ilihitaji saburi, utulivu na kupenda upweke, yaani zile sifa ambazo watu huzihesabu kuwa upungufu. Wahenga walisema kweli: Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Lakini, ndugu msomaji, usiishie hapo. Cavendish aligundua pia jinsi nguvu ya umeme inavyopungua vitu viwili vinapotengana, na sehemu kubwa ya utafiti wake wa umeme akaiacha katika makaratasi yake bila kuitangaza. Kanuni hiyo ilitangazwa na Mfaransa Coulomb mwaka 1785. Ilipofika mwaka 1879, miaka 69 baada ya kufa kwake, ndipo mtaalamu Maxwell alipoyachapisha maandishi hayo, na walimwengu wakajua ni mangapi aliyokuwa ameyatangulia. Wenziwe walilazimika kuitafuta upya njia ambayo yeye alikwisha kuipita. Huyu hakuwa na Haruni.

Basi mafunzo yetu ni haya:

Kwanza, pambanua ukimya na woga. Ukimya ni umbile, nao wafaa kwa kazi. Woga ni kulijua lililo wajibu na kuliacha kwa kuogopa macho ya watu.

Pili, chagua mlango unaokufaa. Kuandika, kufasiri, kutunza hesabu, kumfundisha mtu mmoja mpaka aelewe: hizo zote ni kazi kubwa. Asiyeweza kuhutubia watu mia aweza kumwandikia baba yake barua ya upole akimweleza kwa nini amebadili njia yake, na barua hiyo yaweza kufika pasipofikiwa na hotuba.

Tatu, usiukimbie mkutano kabisa. Hata Cavendish alihudhuria daima chakula cha wataalamu wenzake wa London. Kikao kimoja kidogo, chenye watu unaowajua na siku maalumu, chatosha.

Nne, mtafute Haruni wako: mtu mwaminifu atakayeisema kazi yako, na atakayekuuliza, "Umefikia wapi?"

Tano, weka siku ya kuitoa kazi yako, kwani asiyeweka siku hungoja mpaka kaburini.

Ndugu mpendwa, ulichopewa ni amana. Mwenye ulimi ataulizwa juu ya ulimi wake, na mwenye fikira ataulizwa juu ya fikira zake. Usiombe uwe mtu mwingine. Omba, kama alivyoomba Musa, kifua kikunjuke, kazi iwe nyepesi na msaidizi apatikane. Kisha inuka uende. Mwenyezi Mungu atujalie sote. Amin.