Kabla ya Kununua Ploti Kikambala au Vipingo: Mambo ya Kuthibitisha

Wakazi wengi wanaofanya kazi Mombasa wamehamia Mtwapa, Kikambala na Vipingo, au wana nia ya kuhamia huko. Wanatafuta utulivu na uwanja wa watoto kuchezea, huku wakiendelea kwenda kazini kila siku kupitia Barabara ya Mombasa–Malindi. Mabango ya ploti zinazouzwa nayo yameongezeka. Somo hili linaeleza mambo ambayo mnunuzi anafaa kuyathibitisha kabla ya kutoa hata arubuni.

Chukua mfano wa mwalimu anayefundisha Kisauni. Ameonyeshwa ploti kwa bei ya Sh1,200,000. Dalali anasema ni "moja ya nane ya ekari," hatimiliki iko tayari, na wateja wengine wawili wanasubiri. Anaombwa alipe Sh100,000 siku hiyo hiyo ili ploti isimponyoke. Anafaa kuanzia wapi?

1. Sajili kwanza

Nakala ya hatimiliki haitoshi, kwa sababu karatasi yaweza kughushiwa au kupitwa na wakati. Mwalimu aombe nambari ya ploti na nakala ya hati, kisha afanye upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi. Matokeo yataonyesha mmiliki aliyesajiliwa, ukubwa wa ardhi, na iwapo kuna rehani ya benki au zuio. Hati nyingi za zamani zenye alama ya CR zimesajiliwa Mombasa, kwa hivyo ni muhimu kujua ni masjala ipi inayohusika.

Upekuzi huo huonyesha hali ya leo. Wakili anaweza pia kuomba historia ya ardhi hiyo tangu iliposajiliwa mara ya kwanza. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinasema kuwa hatimiliki yaweza kupingwa ikiwa ilipatikana kwa njia isiyo halali, isiyofuata utaratibu, au ya ufisadi. Mnamo Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu ardhi ya Nyali. Ilisema kwamba ikiwa ardhi ya umma ilitolewa kinyume cha sheria hapo mwanzo, mnunuzi wa baadaye hawezi kujikinga kwa kusema alinunua kwa nia njema.

2. Vipimo

Ekari moja ina futi za mraba 43,560, kwa hivyo moja ya nane ni futi za mraba 5,445. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina futi za mraba 5,000 pekee, ingawa wauzaji wengi huiita "moja ya nane." Hatimiliki huandika ukubwa kwa hekta: moja ya nane ya ekari ni karibu hekta 0.0506, na 50 kwa 100 ni karibu hekta 0.0465. Mwalimu asome tarakimu hiyo, kisha amwajiri mpimaji ardhi aliyesajiliwa amwonyeshe bikoni. Ploti aliyoonyeshwa na dalali yaweza kuwa si ile iliyo kwenye hati. Athibitishe pia kwamba njia ya kuingilia imo kwenye ramani, isije ikawa inapita katika shamba la jirani.

3. Haki ya kuuza

Ikiwa ardhi ni mali ya ndoa, idhini ya mume au mke wa muuzaji inahitajika. Ikiwa mmiliki aliyesajiliwa amefariki, jamaa hawezi kuiuza kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Barua ya chifu haichukui nafasi ya cheti cha mahakama.

Mnunuzi atambue pia desturi ya Pwani ya kuuza nyumba bila ardhi. Anayenunua hivyo hupata jengo tu, na huendelea kumlipa mwenye ardhi kodi ya mahali lilipojengwa. Mkataba useme wazi ni nini kinachouzwa.

4. Idhini ya Bodi

Ikiwa ardhi ni ya kilimo, mauzo yanahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano yafanywe. Bila idhini hiyo mauzo ni batili, hata kama pesa zote zimelipwa. Sheria inamruhusu mnunuzi kudai arejeshewe pesa zake, lakini hatapata ardhi kwa mkataba huo.

5. Mkataba na malipo

Mkataba wa kuuza ardhi ni lazima uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote, na kila saini ishuhudiwe. Makubaliano ya mdomo au ujumbe wa simu hautoshi. Mwalimu awe na wakili wake mwenyewe badala ya kumtegemea wa muuzaji. Malipo yapitie benki, yasipewe dalali mkononi.

6. Kazi ya kaunti

Kaunti haitoi hatimiliki. Usajili wa ardhi ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kaunti hukusanya kodi ya ardhi na kutoa cheti kinachoonyesha kuwa hakuna deni. Pia huidhinisha ramani za ujenzi na mabadiliko ya matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Mipango ya mwaka 2019. Mnunuzi anafaa kuuliza katika ofisi ya mipango ikiwa eneo hilo limetengewa makazi, na ikiwa kuna barabara iliyopangwa kupita hapo. Anayejenga kwenye ardhi ya kilimo bila idhini anaweza kuamriwa asimamishe ujenzi.

7. Gharama kamili

Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi mijini na asilimia 2 mashambani. Kwa thamani ya Sh1,200,000, hiyo ni Sh48,000 au Sh24,000. Ongeza ada za wakili, mpimaji na usajili. Kisha kuna nauli: ikiwa ni Sh150 kwenda na Sh150 kurudi, siku 24 za kazi zitagharimu Sh7,200 kila mwezi. Mwalimu alinganishe kiasi hicho na kodi ya nyumba anayolipa sasa, na asafiri siku moja saa za asubuhi ili aone msongamano mwenyewe.

Kwa ufupi, kabla ya kulipa chochote:

- Upekuzi rasmi umefanywa, na jina ni la muuzaji?
- Historia ya ardhi imechunguzwa?
- Mpimaji ameonyesha bikoni na njia?
- Idhini ya mwenzi, mahakama au Bodi inahitajika?
- Kodi ya ardhi imelipwa?
- Mkataba umeandikwa na kupitiwa na wakili wa mnunuzi?

Muuzaji halali hapotezi kitu kwa kusubiri majibu haya. Anayekataa kutoa nambari ya ploti kabla ya kulipwa, mnunuzi aachane naye.