SOMO: KABLA HUJAUZA NG'OMBE

Hapa Garsen tulikutana na mama aliyeuza ng'ombe ili binti yake asomee uuguzi. Baada ya miezi michache binti alirudi na cheti. Alipoomba kazi akaambiwa, "Wewe si muuguzi, ni msaidizi wa muuguzi." Mama alilia sana. Basi tujifunze tofauti.

Msaidizi wa muuguzi hufanya nini? Humwogesha mgonjwa, humlisha, hutandika kitanda, hupima joto na kuliandika. Asiyeweza kujigeuza humgeuza kila baada ya saa 2, asipate vidonda vya kulala. Akiona mabadiliko humwita muuguzi mara moja. Hadungi sindano wala haamui dawa. Ni kazi ya heshima, lakini si uuguzi.

Muuguzi wa diploma husoma miaka 3 au zaidi. Kisha hufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, husajiliwa na kupewa leseni. Cheti cha usaidizi hakileti leseni hiyo.

Kwa hivyo mzazi, kabla hujalipa hata shilingi moja, uliza:
1. Chuo kimesajiliwa na serikali?
2. Cheti hutolewa na nani?
3. Wanafunzi hufanya mazoezi wodini, hospitali gani?
4. Kama ni uuguzi, je, Baraza limekiidhinisha chuo hicho?

Tujadiliane kikundini: Kijijini kwetu nani huwauguza wagonjwa wasioinuka kitandani? Nani amemfundisha kuwageuza?